Tunaomba Kipimo, Hatuombi Mgombea

Sisi ni waamini Wakatoliki wa Mulungwishi na vijiji vya jirani, huku Katanga, Kongo, kando ya barabara inayotoka Likasi kwenda Kolwezi. Ni walimu, wakulima wa mahindi, mama wauza makaa, vijana wa pikipiki, wachimbaji wa mikono, na wazee waliostaafu kampuni ya madini ya Gécamines. Hakuna chama kilichotutuma. Katika uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 kila mmoja wetu alikuwa na lake: wapo waliompa kura Félix Tshisekedi, wapo waliompa Moïse Katumbi, na wapo waliosimama kwenye mstari hadi jioni wakarudi nyumbani bila kupiga. Katika hayo hatugombani. Kinachotuuma sote ni kwamba kila uchaguzi ukikaribia, imani yetu inageuzwa mtaji wa watu wanaotafuta viti, na sisi tunahesabiwa vichwa kana kwamba kidole cha kubonyeza mashine ya kura si chetu. Tumenyamaza vya kutosha.

Tuanze na yanayotokea kanisani. Kampeni ya 2023 ilifunguliwa tarehe 19 Novemba ikafungwa tarehe 18 Desemba. Ndani ya mwezi huo iliangukia Sherehe ya Kristo Mfalme pamoja na Dominika tatu za kwanza za Majilio, siku ambazo kanisa hujaa. Wagombea wanaijua kalenda hiyo vizuri. Mmoja aliingia wakati wa matoleo, Misa ikiwa katikati. Vijana wake waliwainua wazee kwenye benchi la mbele ili mkubwa wao akae. Walibeba magunia ya mchele na viti vya plastiki vya watoto wa katekesi. Baada ya komunyo alipewa kipaza sauti, eti asalimie tu. Salamu ikawa ahadi ya mabati, ahadi ikawa namba yake kwenye mashine, na namba ikarudiwa tena na tena huku kina mama wakihimizwa wapige vigelegele. Viti vile tunavyo hadi leo. Mgongoni vina namba ileile kwa rangi nyekundu. Kina mama wa jumuiya walivisugua kwa mchanga na majivu. Rangi ikafifia, namba ikabaki. Watoto wetu wanajifunza Amri Kumi wakiwa wameegemea namba ya mtu ambaye hajarudi hata kuwajulia hali.

Mgombea ana lawama yake, lakini mlango hakuuvunja. Alifunguliwa na watu wa kwetu. Na watu hao sheria wanaijua. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 285, inamkataza padri kushika cheo cha utawala wa serikali. Kanuni ya 287 inamkataza kujiingiza katika vyama vya siasa, isipokuwa mkubwa wake wa Kanisa aone kwamba haki za Kanisa au manufaa ya wote yanadai hivyo. Sasa kama padri mwenyewe haruhusiwi kubeba bendera ya chama, altare yake inaibebaje?

Msituambie kwamba haiwezekani kukataa. Kenya imewezekana. Mnamo Novemba 2024 Rais William Ruto alisali katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akatoa shilingi 600,000 kwa vikundi vya parokia, ikiwemo kwaya, na milioni 2 za kujenga nyumba ya mapadri. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba fedha hizo zirudishwe, na akawakumbusha wote kuwa kanisa si jukwaa la siasa. Kama rais wa nchi amerudishiwa mamilioni yake, mgombea wetu wa viti vya plastiki angeambiwa nini? Paa la kanisa letu linavuja, kweli. Lakini paa linaweza kungoja michango yetu midogomidogo. Dhamiri ikishanunuliwa haingoji.

Tukiingia nyumbani kwetu wenyewe, manung'uniko yanakuwa mazito zaidi. Katika jumuiya zetu ndogondogo, mahali pa kusoma Injili na kuulizana habari za wagonjwa, msimu wa kampeni unaleta swali moja: wewe ni mtu wa wapi? Mtu wa Kasai anadhaniwa kuwa wa UDPS, chama cha Tshisekedi, hata kabla hajafungua kinywa. Mtu wa Katanga anadhaniwa kuwa wa Katumbi. Watu waliozikana na kuchangiana harusi wanaacha kusalimiana. Vijana wanaona ni mchezo wa mitandao. Wazee wetu hawaoni mchezo, kwa sababu walikuwepo mwaka 1992.

Vijana, sikilizeni. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai na baba wa Félix, kuwa waziri mkuu, akachukua nafasi ya Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga na kiongozi wa chama cha UFERI. Gavana wa jimbo alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, wa chama hichohicho. Kilichofuata hapa Likasi ni aibu ambayo haijawahi kusemwa yote kwa sauti. Watu wenye asili ya Kasai, waliozaliwa hapa, wengine wakiwa watoto na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na Wabelgiji kwenye migodi, walifukuzwa majumbani. Waliitwa wadudu. Maelfu walilala miezi kwenye stesheni ya Likasi na katika shule, wakingoja treni za kuwapeleka mahali ambapo wengi hawakuwahi kupaona. Watoto walikufa kwa magonjwa wakiwa bado wanangoja. Mwaka 1993 moto huo ulifika Kolwezi.

Mwaka huohuo wa 1992, tarehe 16 Februari, Wakristo wa Kinshasa waliandamana na rozari na Biblia mkononi wakidai Mkutano ule ufunguliwe tena, na askari wa Mobutu wakawapiga risasi. Upande mmoja wa nchi Wakristo walikufa kwa ajili ya haki; upande wetu Wakristo waliwafukuza Wakristo kwa ajili ya cheo cha mwanasiasa. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa kwenye kisima kimoja na kupokea komunyo kwa mkono wa padri mmoja. Basi tukisikia leo kijana wetu akimwita jirani yake mgeni kwa sababu ya kura, hatuwezi kucheka. Mafundisho ya Kanisa hayamlazimishi mtu kuchagua chama fulani. Papa Paulo VI aliandika wazi mwaka 1971, katika barua yake Octogesima Adveniens, kwamba imani moja inaweza kuwapeleka Wakristo kwenye misimamo tofauti ya kisiasa. Lakini hakuna ukurasa wowote wa mafundisho hayo unaomruhusu Mkristo kumchukia jirani kwa ajili ya chama.

Lipo pia neno la kuwaambia waheshimiwa wa Kinshasa. Tumechoka kuwasikia mkiwaambia maaskofu warudi sakristia. Askofu Mkuu wetu wa Lubumbashi, Fulgence Muteba, ambaye ni rais wa CENCO, Baraza la Maaskofu, tangu Juni 2024, akisema jambo juu ya Katiba au juu ya njaa ya watu, hoja yake haijibiwi. Anaulizwa anatoka wapi na anamtumikia nani. Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa alisema yake juu ya usalama wa nchi, na Aprili 2024 mwendesha mashtaka mkuu akaagiza achunguzwe.

Angalieni historia kabla ya kutafuta kabila. Kardinali Malula, mtoto wa Kinshasa, aligongana na Mobutu mwaka 1972 hadi akalazimika kuishi Roma kwa muda. Hapa Lubumbashi, Askofu Mkuu Kabanga aliandika waraka wa kichungaji mwaka 1976 akikemea ufisadi wakati ambao wengi walikuwa wakimpigia Mobutu makofi. Kardinali Monsengwo wa Mai-Ndombe alisema kuwa matokeo ya uchaguzi wa 2011 hayakufuata ukweli wala haki. Askofu Mkuu Utembi wa Ituri aliwakalisha wakubwa mezani hadi wakatia sahihi makubaliano ya tarehe 31 Desemba 2016, ili Joseph Kabila asikae madarakani bila kikomo. Leo ni Ambongo wa Ubangi na Muteba wa Lubumbashi. Watu wa pande zote za nchi, chini ya marais tofauti, wamesema jambo lilelile. Hilo si kabila.

Na tunakumbuka nani alishangilia lini. Tarehe 31 Desemba 2017 Kamati ya Walei iliitisha maandamano, na polisi wakarusha mabomu ya machozi hadi ndani ya makanisa. Tarehe 25 Februari 2018 kijana Rossy Mukendi aliuawa kwa risasi kwenye parokia ya Mtakatifu Benedikto, Lemba. Siku hizo wapinzani wa Kabila waliwaita maaskofu manabii. Baadhi ya wapinzani hao sasa wana magari ya serikali, na nabii yuleyule wanamwita mchochezi. Na wapo wa upande wa pili waliobariki mabomu yale, ambao leo wananukuu barua za CENCO kama Injili. Ninyi wa pande zote mbili hamtaki mafundisho ya Kanisa. Mnataka sauti yake, tena siku ile tu inapowafaa.

Baba zetu maaskofu na mapadri, ninyi pia tunawaheshimu na ninyi pia tuna la kuwaambia. Nyaraka zenu nyingi zinaandikwa kwa Kifaransa kigumu. Zinasomwa haraka baada ya komunyo, mama amembeba mtoto anayelia, na mzee wa nyuma hasikii. Zikifafanuliwa kwa Kiswahili ni kwa dakika tatu. Tena zinakuja nchi ikiwa imeshachafuka. Katika uchaguzi wa mwaka 2018 mlituma waangalizi wapatao 40,000, vijana wa parokia waliokesha kwenye vituo. Tarehe 3 Januari 2019 mkasema mnamjua aliyeshinda, mkaitaka CENI, tume ya uchaguzi, itangaze ukweli. Siku saba baadaye CENI ikamtangaza Tshisekedi kwa asilimia 38.57, mbele ya Martin Fayulu, nanyi mkasema matokeo hayo hayalingani na yale ya waangalizi wenu. Hesabu zenyewe sisi hatukubandikiwa kwenye ubao wa parokia. Tulibaki tumegawanyika: wengine wakiwatetea, wengine wakisema mliogopa. Mtu aliyekesha kituoni akiandika karatasi kwa mwanga wa tochi alistahili kuona kazi yake ikisomwa.

Hatutaki mtutajie wa kumchagua. Hilo tunalikataa kwa nguvu zote, na sababu ziko karibu nasi. Mulungwishi ni mji wa Wamethodisti kabla ya kuwa wetu. Chuo kikuu chao, Université Méthodiste au Katanga, kiko hapa, na watoto wetu wanasoma kwao. Siku padri atakapotangaza mgombea wa Wakatoliki, mchungaji atatafuta wa Wamethodisti, na sisi tunaochota maji pamoja tutakuwa kambi mbili. Uganda walionja hilo. Miaka ya kupata uhuru, chama cha DP kilihesabiwa kuwa cha Wakatoliki na UPC cha Waprotestanti, na donda hilo la dini ndani ya siasa lilichukua miaka mingi kupona. Sisi wenyewe tumeona tume ya uchaguzi ikiongozwa na Padri Malu Malu katika uchaguzi wa 2006, kisha na Mchungaji Ngoy Mulunda, Mmethodisti wa Katanga, katika ule wa 2011. Lawama zilimwangukia padri, zikamwangukia mchungaji, na kila mara ni waamini wao waliobeba aibu sokoni. Kilichotupa moyo ni mwaka 2023, pale CENCO na Waprotestanti wa ECC walipotuma waangalizi wa pamoja. Mkatoliki na Mmethodisti walikaa kwenye kituo kimoja wakilinda kura ya mtu yeyote. Hiyo ndiyo siasa ya makanisa tunayoitaka.

Tunachoomba ni kipimo, na kipimo kipo. Katekisimu, namba 2240, inaweka kulipa kodi, kupiga kura na kutetea nchi kuwa wajibu wa dhamiri, kwa sababu sote tunawajibika kwa manufaa ya wote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba kura huru ni haki na pia ni wajibu, ukasema pia kwamba Kanisa halifungwi na mfumo wowote wa siasa. Papa Fransisko alikuja Kinshasa mwaka 2023 akawaambia vijana uwanjani waukatae ufisadi. Mambo haya yafundishwe mwaka mzima, katika jumuiya, kwa lugha yetu. Mama sokoni anampimia unga rafiki na mgeni kwa kopo lilelile. Nasi tunataka kumpima mgombea wa kabila letu na asiye wa kabila letu kwa kopo moja.

Kopo hilo hapa kwetu lina maswali yake. Malori ya shaba na kobalti kutoka Kolwezi na Fungurume yanapita mlangoni mwetu mchana na usiku yakielekea mpaka wa Kasumbalesa, na vumbi lake tunalala nalo. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inasema kwamba katika mrabaha, asilimia 50 ni ya serikali kuu, 25 ya jimbo, 15 ya eneo ambamo mgodi upo, na 10 ya mfuko wa vizazi vijavyo. Mheshimiwa, sehemu ya jimbo imefanya nini huku, na wewe ukiwa bungeni uliuliza mara ngapi? Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure tangu Septemba 2019. Mbona wapo walimu wanaofundisha miaka bila kuingizwa kwenye orodha ya mishahara, na mzazi bado anaombwa mchango? Nyaya za umeme wa migodi zinapita juu ya mapaa yetu. Mbona sisi tunapika kwa makaa na miti inakwisha? Aliye maskini kuliko wote katika kijiji hiki atapata nini ukichaguliwa? Hayo ndiyo mafundisho ya jamii ya Kanisa yakiletwa hadi Mulungwishi: hadhi ya mtu, manufaa ya wote, na maskini kutangulia.

Swali la mwisho ni la mikono safi. Kanisa limetupa mfano wa kwetu. Floribert Bwana Chui alikuwa mfanyakazi wa ukaguzi wa bidhaa mpakani Goma. Mwaka 2007 alikataa rushwa ya kupitisha chakula kilichooza ambacho kingeliwa na watu, akatekwa na kuuawa akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri kule Roma. Hakuwa mgombea wa chama chochote. Mtu wa namna hiyo akisimama, awe Mkatoliki au Mmethodisti, Mluba au Msanga, tutamjua. Na asiye hivyo pia tunamjua. Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu, wengine wakituhumiwa kukutwa na mashine za kupigia kura. Tunauliza: wangapi kati yao walikalishwa benchi la mbele wakati wa Majilio?

Na ninyi ndugu zetu mnaopokea fedha za wagombea, tunawasema pia. Noti ya faranga 5,000 wakati wa kampeni ya 2023 haikufika dola mbili. Iliisha siku ileile. Mbunge anakaa miaka mitano. Njaa tunaijua, tunalala nayo nyumba moja. Lakini anayenunua kura yako ameshakulipa, na baada ya hapo hana deni nawe.

Kwa hiyo tunasema hivi. Paroko, kipaza sauti kisitoke altareni kwenda kwa mgombea, hata kwa salamu, na zawadi yenye jina au namba ya mtu ikatae mlangoni. Baba Askofu, tuletee mafundisho kwa Kiswahili, uyalete sasa, kabla uchaguzi wa 2028 haujatufikia. Vijana wa jumuiya, mkimsikia mtu akiuliza kabila la mpiga kura, mnyamazisheni hapohapo. Na wewe mheshimiwa, karibu Misani Dominika, uje kusali kama sisi, ukae palipo na nafasi. Kampeni yako tutaisikiliza Jumatatu uwanjani, nasi tutakuja na maswali yetu yameandikwa.